Mshahara na Bei ya Siku

Neno mshahara tulilipata kutoka Kiarabu, na ndani yake umo mwezi. Maana yake ya awali ni malipo ya mtu aliyekubali kutumika kwa mwezi. Kibarua nalo ni barua ndogo, yaani kile kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa kiwe ushahidi kwamba ameajiriwa. Wako vibarua wapatao kwa siku zaidi ya mtu wa mshahara. Tofauti yao kubwa imo katika siku: mmoja ameuza mwezi mzima kwa mkupuo, mwenziwe ameuza leo tu, na kesho yake ingali mkononi mwake.

Nimeanza na maneno kwa kuwa mwalimu huona haya kidogo kuanza na fedha. Hata hivyo fedha ndiyo iliyonileta hapa. Katika miaka yangu ya kufundisha walimu, na hata sasa nikiwa nimestaafu, vijana wengi wamenijia na barua za ajira mkononi wakitaka ushauri. Karibu wote huuliza swali moja: "Mwalimu, mshahara huu unatosha?" Ni mara chache sana nimesikia mtu akiuliza, "Na siku zangu je?" Likizo huichukulia kama zawadi ambayo mwajiri akipenda atatoa, asipopenda basi. Wazee wetu hawakuwa hivyo. Walivipima vyote viwili, fedha na siku, na mara nyingi walipigania siku kwa nguvu ile ile waliyopigania senti. Nakuomba, msomaji, tuifuate habari yao kidogo kabla hatujarudi kwa vijana wetu.

Tuanze na wapagazi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilikuwa ikitoka Unyamwezi hadi pwani na kurudi, na mizigo yote ikipita mabegani mwa watu. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na ujuzi wa kazi yao, na wenye misafara walilijua hilo. Mapatano yao yalihusu ujira na posho, lakini pia yalihusu mwendo wa siku, mahali pa kupumzika, na majira ya kuondoka. Mtu alisafiri kiangazi akitumaini kuwa nyumbani mvua za kulima zitakapoanza. Tajiri aliyewaburura watu bila kuwapumzisha aliamka asubuhi akakuta mizigo ipo na wapagazi hawapo. Wazungu waliosafiri nao waliandika kwamba watu hao ni wavivu na wakaidi. Mimi ninaposoma habari hizo namwona mtu anayejua bei ya siku zake.

Unguja na Pemba hesabu hiyo ilikuwa chungu zaidi, maana huko palikuwa na utumwa. Katika mashamba ya karafuu desturi ilikuwa mtumwa kumtumikia bwana wake siku tano, na Alhamisi na Ijumaa zikawa zake, alime kijishamba chake cha mihogo. Haikuwa hisani, kwa kuwa aliyejilisha mwenyewe alimpunguzia bwana gharama. Lakini siku zile mbili ndizo pekee alizoweza kuziita zangu, na bwana aliyezigusa alijitafutia matata. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, wengi waliobaki mashambani hawakukubali kujifunga tena juma zima. Walitaka kufanya palizi kwa siku chache, na zilizosalia wazitumie kwa mihogo na biashara zao ndogo ndogo. Msimu wa kuchuma karafuu ulipofika walijitokeza kwa wingi, kwa sababu malipo yalikuwa kwa pishi na kila mtu alijipimia mwenyewe kazi yake. Uhuru wao walianza kuuhesabu kwa siku kabla ya kuuhesabu kwa rupia.

Serikali za kikoloni zilikwisha kutambua kwamba mtu mwenye shamba na siku zake si rahisi kumwajiri kwa ujira mdogo. Kwa hiyo zilitafuta njia ya kumtoa. Mwaka huo huo wa 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba huku bara, na moja ya makusudio yake ilikuwa kuwasukuma watu kwenye kazi za fedha. Usambara walikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kufanya kazi siku 30 kwa walowezi katika kila miezi minne, na kadi yake ikaonyesha siku alizotimiza. Hapo ndipo mapatano yalipokoma, kwa kuwa asiye na ruhusa ya kukataa hana pa kuanzia kupatana.

Hata hivyo mtu wa kawaida hakukosa upenyo. Katika mashamba ya mkonge na ya walowezi, Tanganyika na Kenya, ilienea kazi ya kipande: kadi ya siku 30 za kazi. Mtu alipewa muda mrefu kuliko mwezi mmoja kuzimaliza. Kenya muda huo ulikuwa siku 42. Kwa hiyo ndani ya wiki sita alikuwa na siku 12 ambazo hakuna msimamizi aliyeweza kumdai. Hazikulipwa hata senti, lakini zilikuwa zake, na alizipanga atakavyo: kupumzika, kufua, kwenda kumtazama mgonjwa, kulima. Mabwana shamba walilalamika daima juu ya utoro. Wafanyakazi waliona kwamba ujira ukiwa mdogo kiasi kile, siku ndiyo sehemu ya malipo iliyo bora.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa bandarini Mombasa. Kazi ya bandari hufuata meli. Leo ziko nyingi, kesho gati tupu. Makampuni ya kupakia na kupakua yalichukua vibarua kila siku kadiri ya haja, na yasipokuwa na haja hayakulipa mtu. Mpango huo uliyafaa makampuni, na ajabu yake ni kwamba uliwafaa vibarua wengi pia. Ujira wa kutwa wa bandarini ulikuwa bora kuliko wa kazi nyingi za mjini. Mtu aliweza kufanya kazi kama nusu ya mwezi akapata chakula na kodi ya chumba, na siku zilizobaki akavua, akachuuza, akalima kwao nje ya mji, akahudhuria arusi na matanga kama watu. Maofisa walishangaa na kukasirika: mbona hawa, ujira ukiongezwa, hawaongezi siku za kazi? Jibu lilikuwa rahisi. Ujira ukiongezeka, mahitaji yale yale yanapatikana kwa siku chache zaidi. Kibarua alikuwa akiichukua nyongeza yake kwa siku badala ya shilingi.

Vita Kuu ya Pili ilipandisha bei za vyakula na nyumba, na shilingi ikawa haitoshi hata kwa mwenye juhudi. Mombasa ilikuwa imekwisha kuona mgomo mwaka 1939. Januari 1947 ukaja mgomo mkuu uliousimamisha mji mzima kwa karibu wiki mbili, na Chege Kibachia akatokea kuwa msemaji wa wafanyakazi, hata serikali ilipomkamata mwezi Agosti mwaka huo huo. Dar es Salaam nayo ilikuwa na migomo ya bandari mwaka 1939 na 1947. Katika migomo hiyo serikali ilijifunza kwamba kibarua anaweza kugoma kwa urahisi, kwa kuwa hana kazi ya kudumu ya kupoteza na amezoea kuishi siku kadhaa bila ujira. Ikaazimia kumgeuza. Vibarua wakaandikishwa, wakawekewa kiwango cha chini cha siku za kufika kazini kila mwezi, na asiyekifikia akafutwa katika daftari. Katika miaka ya 1950 wengi wakaingizwa katika ajira ya mwezi, yenye mshahara ulio bora, likizo iliyoandikwa na mafao. Dar es Salaam utaratibu mpya wa kuchukua vibarua ulipoanzishwa Februari 1950 ulizua mgomo, damu ikamwagika, na chama cha wafanyakazi wa bandari kikafutwa.

Je, wale watu wa bandari walipata au walipotewa? Nimelifikiria swali hili mara nyingi, na siwezi kulijibu kwa neno moja. Walipata mshahara wa kusomesha watoto, nao wakawa miongoni mwa wafanyakazi wa mikono waliolipwa vizuri kuliko wengine. Walipata uhakika wa kesho, na hilo si jambo dogo kwa mwenye familia. Walichopoteza ni uwezo wa kuamka asubuhi na kusema, "Leo siendi." Uwezo huo ulipokwisha kuuzwa haukurudi. Mshahara waliendelea kuudai na kuongezewa mara kadhaa kwa nguvu ya vyama vyao. Hilo ndilo fundisho ninaloliona katika habari yao: mshahara hujadiliwa tena na tena, lakini siku ulizozitoa siku ya kwanza, aghalabu umezitoa moja kwa moja.

Tukitaka kujua kama likizo ni hisani au ni malipo, tumtazame mkoloni mwenyewe alivyojiandikia mkataba. Ofisa wa Kizungu alifanya kazi huku kwa kipindi kilichotajwa, kisha akapewa likizo ya miezi kadhaa kwao Ulaya, mshahara ukiendelea na nauli ya meli ikilipwa. Hakuiomba kwa kunyenyekea, maana ilikuwa sehemu ya ajira yake kama ilivyokuwa nyumba na samani. Tume ya Holmes ya mwaka 1947 na 1948 ilipopendekeza Mwafrika mwenye kazi sawa na Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano ya mshahara wa mwenziwe, wasomi wetu walilalamika kwa haki. Lakini mwenye jicho kali angeona kuwa siku za kupumzika nazo zilikuwa zimegawanywa kwa rangi. Waliojua thamani ya likizo ni wale waliojiwekea ile ndefu.

Ulimwengu wa wafanyakazi kwa jumla ulikuwa ukielekea huko. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa likizo yenye malipo, siku sita za kazi baada ya mwaka mmoja wa utumishi. Mwaka 1970 mkataba mwingine ukataja wiki tatu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imetaja siku 21 za kazi.

Hapo naomba tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Ni nchi ipi imetoa zaidi? Wengi watajibu upesi kwamba ni Tanzania, maana 28 ni zaidi ya 21. Lakini zile 28 ni mfululizo: Jumamosi, Jumapili na hata sikukuu zitakazoangukia humo zimehesabiwa. Kwa mtu afanyaye kazi siku tano kwa juma, siku 28 ni wiki nne, yaani siku 20 za kazi. Wa Kenya amemzidi kwa siku moja. Kwa mtu wa siku sita kwa juma mambo hugeuka: wiki nne ni siku 24 za kazi, naye wa Tanzania amemzidi mwenziwe kwa siku tatu. Kumbe huwezi kuilinganisha likizo na likizo kabla ya kuuliza siku inahesabiwaje. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku ni mali.

Sasa turudi kwa vijana wetu. Miaka michache iliyopita mwanachuo wangu wa zamani, mama wa watoto wawili, alinipigia simu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Alikuwa akifundisha shule moja, na shule nyingine ya watu binafsi ikamwita kwa mshahara wa juu zaidi, ila huko walimu walitakiwa kufundisha masomo ya ziada wakati wa likizo za wanafunzi. Jamaa zake wote walimwambia aende, fedha ni fedha. Nilimwomba achukue kalamu. Nitazitoa hapa tarakimu nilizozirahisisha. Kazini kwake alipata shilingi 800,000 kwa mwezi, sawa na 9,600,000 kwa mwaka. Mwaka una siku za kazi kama 260, na yeye alikuwa akipumzika 40, kwa hiyo alifanya kazi siku 220. Kila siku ya kazi ilimlipa kama shilingi 43,600. Kule alikoitwa angepata 850,000 kwa mwezi, sawa na 10,200,000 kwa mwaka, lakini angepumzika siku 20 tu na kufanya kazi siku 240. Kila siku ingemlipa shilingi 42,500. Mshahara umepanda, bei ya siku imeshuka.

Tukaendelea. Nyongeza ya mwaka mzima ni shilingi 600,000, na siku anazotoa ni 20. Maana yake anauza siku zake za ziada kwa shilingi 30,000 kila moja, chini ya bei anayolipwa siku za kawaida. Mwenye duka akiuza bidhaa yake ya mwisho, iliyo adimu kuliko zote, kwa bei ya chini kuliko ya kwanza, tutamshangaa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, na mama yangu ni mgonjwa kule kijijini. Likizo ndiyo huwa namwuguza." Nikamwambia, "Basi hilo nalo liandike, ingawa halina tarakimu."

Hakukataa kazi ile. Alirudi kwa mwenye shule akaeleza kwa adabu kwamba anaitaka, ila angependa apewe wiki mbili za Desemba, hata kama nyongeza ya mshahara itakuwa pungufu kidogo. Walikubaliana, na akaomba iandikwe katika mkataba. Mama yake aliishi Desemba mbili baada ya hapo.

Wapo watakaoniambia kwamba ninasema haya kwa kuwa nilikuwa mwalimu, na walimu wanajulikana kwa mishahara midogo na likizo ndefu. Ni kweli. Nami nikumbushe yaliyotupata katika miaka ya 1980. Bidhaa ziliadimika, bei zikaruka, na kuanzia mwaka 1986 thamani ya shilingi ikashuka mwaka hata mwaka. Mshahara wa mkufunzi ulikwisha kabla ya katikati ya mwezi. Wakufunzi niliokuwa nao chuoni waliishi kwa mahindi na maharage waliyolima jioni na wakati wa likizo. Shilingi zetu zilikuwa zimepungua nguvu, lakini siku moja ya likizo ililima ridhaa ile ile iliyokuwa ikilimwa mwaka 1970. Hakuna waziri wa fedha awezaye kuishusha thamani siku.

Hata hivyo sitaki kijana yeyote aondoke hapa akidhani kwamba siku peke yake zinatosha. Likizo isiyo na fedha nayo ni adhabu ya aina yake. Katika utumishi wa serikali nauli ya likizo hulipwa mara moja katika miaka miwili, na nimewaona walimu waliokuwa na likizo halali mkononi wakabaki katika nyumba za shule, wakitazama mabasi yakipita kuelekea kwao, kwa kuwa nauli ya mke na watoto haikupatikana. Wale vibarua wa Mombasa waliweza kupendelea siku kwa sababu walikuwa na mashamba, ngalawa na jamaa karibu. Wengine waliotoka mbali bara, wasio na shamba pale, walihitaji zaidi mshahara wa uhakika, na hawakukosea. Mtu apime kwa mizani yake mwenyewe. Anayedaiwa ada ya watoto hawezi kuila likizo, na anayejenga afya yake baada ya maradhi hawezi kuinunua kwa nyongeza.

Kwa hiyo ukiletewa barua ya ajira, usisome mstari wa mshahara ukaiweka mezani. Uliza likizo ni siku ngapi, zinahesabiwaje, nani hupanga tarehe, na zisipochukuliwa mwaka huu huenda wapi. Uliza kama wanaokwenda likizo huachwa wapumzike, au hupigiwa simu kila asubuhi. Gawanya mshahara wa mwaka kwa siku utakazofanya kazi, uone kila siku imepewa bei gani. Kisha uzihesabu siku utakazobaki nazo, ujiulize zitakwenda kwa nani: kwa shamba, kwa mzazi, kwa mtoto, au kwa usingizi wako tu, ambao nao ni haki. Ukikuta fedha ndiyo unayoihitaji zaidi mwaka huu, chukua fedha bila kuona haya. Lakini uichukue ukijua umeuza nini, na kwa bei gani, kama mpagazi wa Kinyamwezi alivyojua kabla hajainua mzigo.